Malalamiko Kuhusu Kufiwa Bila Maiti

Kwa Baba yetu,
Mkurugenzi Mkuu wa Maduka Yote,
Makao Makuu, ghorofa ya juu kabisa, mlango wenye zulia.

Kupitia kwa Kaka Meneja wa Tawi. (Kaka, tafadhali pitisha tu, usifungue.)

Kuhusu: KUFIWA BILA MAITI

Baba Mkurugenzi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu, na nimesikia viti vya huko juu vinazunguka. Sisi wanao wa tawi hili tu wazima, ukimwondoa mmoja aliyekufa kwa tangazo, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Najua si adabu mtoto kumlalamikia mzazi wake. Lakini mficha uchi hazai, nami sitaki ukoo wetu ufe tasa kwa sababu ya haya zangu.

Huenda hunijui. Mimi ni mpanga rafu. Rafu yangu ni ya sabuni, ingawa kwa sasa ina siki, na jambo hilo nitalieleza zamu yake ikifika. Nimepanga rafu hapa tangu enzi lilipokuwa duka. Naomba unisikilize moja baada ya jingine.

1. Kuhusu namna ulivyotuzaa.

Tangazo lako la kwanza lilibandikwa kwenye mlango wa stoo, juu ya ndoano tunazotundikia aproni. Lilisema: KUANZIA LEO HAKUNA WAFANYAKAZI TENA KATIKA KAMPUNI HII. SISI SOTE NI FAMILIA MOJA. Mlinzi wetu, ambaye husoma polepole na kwa sauti, alifika mwisho wa sentensi ya kwanza, akavua kofia, akakalia kreti la chupa tupu kama mtu aliyepigwa na jua. Ilibidi dada wa keshi amsomee ya pili ndipo akainuka. Tukapongezana. Si kila siku mtu anazaliwa akiwa na umri wa kuota mvi.

Siku hiyohiyo chai ya saa nne ikakoma. Tulidhani birika limeungua. Kaka Meneja akatueleza kwa upole kwamba chai ilikuwa ya wafanyakazi, na kwa kuwa tangazo limeshasema wafanyakazi hawapo, hakuna wa kumpa. Mwanafamilia hunywa chai nyumbani. Nikamwuliza nyumbani ni wapi, ikiwa familia iko hapa. Akatazama saa yake ya mkononi, ambayo imesimama siku nyingi, akasema ana haraka.

Sikukata tamaa. Nilikaa nikaupanga ukoo wetu, kila mtu mahali pake, ili nisije nikamvunjia mtu heshima. Wewe ni Baba. Yule bibi wa utumishi anayetuletea barua za onyo ni Mama, ingawa kwa lugha anayotumia nadhani ni wa kambo. Meneja ni Kaka Mkubwa, japo kwa umri ningeweza kumbeba mgongoni. Baba mwenyewe hatujawahi kumwona, lakini hilo hutokea hata kwenye familia nzuri. Ninacholalamikia ni malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sisi unatulea kwa matangazo.

2. Kuhusu kuvuta mbele.

Wewe huwezi kuijua amri hii kwa mikono, kwa hiyo nitaifafanua. Zamani rafu ilijaa kutoka mbele mpaka nyuma. Sasa tumeagizwa kwamba kila kilichobaki kivutwe mbele, kipangwe mstari mmoja ukingoni, uso kwa mteja, ili duka lionekane limeshiba. Nyuma ya mstari huo ni giza na vumbi. Juzi mama mmoja alitoa kopo la nyanya, akakuta upande wa pili uso wa dada wa keshi aliyekuwa anafuta vumbi. Wakasalimiana. Wakaulizana habari za watoto kupitia lile tundu. Kisha yule mama akalirudisha kopo taratibu kama mtu anayefunga dirisha la jirani, akaenda zake bila kununua.

Nimevuta mbele, Baba, mpaka hakuna kilichobaki cha kuvuta. Mwenye lori la sabuni alikata mguu. Wa sukari akafuata, wa unga naye akaacha kupokea simu. Aliyebaki mwaminifu ni muuza siki, na naamini ni kwa sababu hakuna aliyemwambia habari zetu. Analeta siki kila wiki akiimba. Kwa hiyo tuna siki kwenye rafu ya sabuni, tuna siki kwenye rafu ya nepi, tuna siki ndani ya friji ambalo halipozi. Mteja mmoja aliniuliza harufu hii ni ya nini. Nikamwambia kampuni yetu imeamua kujikinga isioze.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Mizani. Naye humjui, kwa hiyo nakutambulisha kwa mwanao. Ni yule mama wa kitengo cha kupimia, aliyekuwa akipima mchele, maharagwe, vitunguu na viazi vya kwenye magunia, akabonyeza kitufe, mashine ikatema stika ya bei, akaibandika kwenye mfuko na kukutakia siku njema. Magunia yalipokwisha hakulalamika. Kila asubuhi aliifuta mizani yake, akasimama kando yake na aproni iliyopigwa pasi, akisubiri chochote kile chenye uzito.

Basi wanawake wa mtaa wakaanza kumletea watoto wao wachanga awapime. Mashine ile haijui mtoto, inajua bidhaa tu, na kitufe pekee ambacho maandishi yake hayajafutika ni cha viazi. Mama Mizani alimlaza mtoto kwenye sinia, akabonyeza viazi, stika ikatoka. Mtaa huu umejaa watoto ambao mama zao wamezitunza stika hizo, kila moja imeandikwa VIAZI, halafu uzito, halafu kwa chini: ASANTE KWA KUWA SEHEMU YA FAMILIA YETU. Hakumtoza mtu. Ilikuwa foleni pekee iliyobaki dukani. Kaka Meneja aliipiga picha akaiweka kwenye taarifa yake kwako, akaandika kwamba idara ya mboga inapanda. Kama uliiona picha hiyo ukafurahi, samahani. Wale ni watoto.

3. Kuhusu wageni.

Umetuandikia pia kwamba mteja si mteja tena, ni mgeni wa familia. Haya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaye mzee mmoja ambaye huja kila siku kusoma bei na kuondoka, mwaka wa pili huu. Nilimpa ufagio. Aliupokea vizuri, akafagia mpaka kwenye mafriji, na Kaka Meneja akanipa onyo la maandishi. Naomba ufafanuzi ni kipengele gani cha utu na ukarimu nilichovunja.

4. Kuhusu msiba wenyewe.

Hapa ndipo penye kidonda, na naomba uache kuzunguka kidogo.

Siku ya tangazo la pili, Mama Mizani hakuwepo. Ilikuwa siku yake ya mapumziko ya wiki. Kaka Meneja naye hakuwepo, alikuja huko kwenu kuhudhuria mafunzo ya mawasiliano. Tulifika asubuhi tukakuta karatasi kwenye mlango wa stoo, yenye nembo, yenye mhuri, na yenye mpaka mweusi pande zote nne. Baadaye tuliambiwa mpaka ulikuwa mweusi kwa sababu mashine ya kuchapia imeishiwa rangi nyingine. Nanukuu neno kwa neno:

FAMILIA INASIKITIKA KUWAARIFU KWAMBA MAMA YETU MPENDWA WA KITENGO CHA MIZANI AMEPUMZISHWA KUANZIA JANA JIONI. TUTAMKUMBUKA DAIMA KWA MOYO WAKE WA KUJITOLEA. HABARI ZIWAFIKIE NDUGU, JAMAA NA MARAFIKI WOTE WA TAWI.

Sasa nakuuliza wewe uliyefundishwa lugha hii na mama yako mzazi: karatasi hiyo inasema nini?

Mlinzi alijaribu kutupa moyo. Alisema huenda ni ile siku yake ya mapumziko tu. Dada wa keshi akamtazama kwa huruma akamwambia, "Mtu akipumzika mwenyewe, kesho anarudi. Akipumzishwa, aliyempumzisha ni Mungu." Tukampigia simu. Alikuwa anatumia laini ya kazini, na laini za kazini mlikuwa mmezikata kupunguza gharama, kwa hiyo tukajibiwa na yule dada wa mtandao kwamba namba hiyo haipatikani. Dada wa mtandao hana kosa, lakini ndiye aliyemzika.

Tulifunga duka, nakiri bila kuzungusha maneno. Ndani kulikuwa na mteja mmoja tu, yule mzee wa kusoma bei, naye akasema hawezi kubaki nyuma. Mtu hawezi kwenda kwa wafiwa mikono mitupu. Tungependa kubeba unga, sukari, kitu cha kuwashika mkono. Tulilizunguka duka lako lote, Baba, rafu kwa rafu, na kilichokuwepo ni siki. Tukalipia siki. Tukaenda msibani kila mtu na chupa yake.

Mlinzi alilia njia nzima. Yeye na marehemu walikuwa hawapikiki chungu kimoja kwa ajili ya mwavuli wa maua ya kijani wa Mama Mizani, uliopotea siku ya mvua kubwa, ambao alisema mlinzi kauchukua na mlinzi akaapa hajauona. Tulipofika mlangoni kwake yule baba wa watu hakungoja hata hodi. Alipiga magoti kizingitini, akalia kwa sauti kwamba marehemu amsamehe, mwavuli anao yeye, upo nyumbani kwake nyuma ya kabati, atawarudishia watoto wake jioni hiyohiyo. Mlango ukafunguliwa. Mama Mizani alikuwa anafua, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko. Alitutazama sote, akazitazama chupa za siki, kisha akamwinamia mlinzi akamwuliza, "Na mfuko wake je, unao?"

Mzee wa kusoma bei alikimbia, na kwa umri wake sikutegemea. Dada wa keshi alikaa chini palepale. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, mpaka nikakumbuka ile karatasi. Maana kama hajafa, karatasi ilikuwa inasema nini?

Dada wa keshi alikuwa ameibandua mlangoni ili tuwaonyeshe wafiwa. Mama Mizani aliikausha mikono kwenye gauni, akaichukua, akaisoma. Akairudia. Nilimwona midomo ikicheza juu ya neno moja. Hakuwa ameambiwa, Baba. Hakupigiwa simu, hakuitwa ofisini, hakupewa hata kiti. Habari za kufukuzwa kwake aliletewa na watu waliokuja kumlilia wakiwa na siki. Aliikunja karatasi akasema, "Kumbe mmekuja msibani. Karibuni basi, msiba wenyewe ndio huu." Akaingia ndani akatuchemshia chai.

Tukanywa chai kwenye msiba, tumechemshiwa na marehemu. Ilikuwa na sukari. Ilikuwa chai ya kwanza tuliyokunywa pamoja tangu utufanye familia. Niliona aibu ambayo sikujua niiweke wapi, kwa sababu haikuwa yangu, ilikuwa yako, ila wewe hukuwepo kuivaa, kwa hiyo tuligawana sisi.

Mama Mizani hakulia mbele ya watu. Alitusindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, na pale tulipoagana akaniuliza nani ataifuta mizani kesho. Nikamwambia mimi. Hapo ndipo alipolia. Na hapo ndipo mimi nilipokuchukia, Baba, chuki kamili, ile ambayo mtu hawezi kumchukia mtu baki.

5. Kuhusu Kaka Meneja na kamusi yake.

Kaka alirudi kutoka kwenye mawasiliano akakuta duka limefungwa. Kesho yake likabandikwa tangazo la tatu: KUPUMZISHWA SI KUFA. KUPUMZISHWA NI KUONDOLEWA KAZINI KWA UPENDO. WALIOLIA SAA ZA KAZI WATAFIDIA SAA HIZO. Nilipomwuliza neno hilo lilitoka wapi, alieleza kwamba wataalamu wa makao makuu walikaa siku kadhaa kulitafuta. "Kufukuzwa" walisema ni kali. "Kuachishwa" ni la kizamani. "Kupunguzwa" lingewachanganya wateja, wangedhani ni punguzo la bei. Mwisho mmoja wao akakumbuka kwamba alipofiwa na shangazi yake watu walisema amepumzika, na kwamba neno lile lilimfariji sana. Wote wakapiga makofi.

Umewalipa watu, Baba, wakaenda makaburini kutafuta neno la kumfukuzia mama wa mizani, kisha mkashangaa tukilia.

6. Kuhusu hesabu za ukoo.

Sasa nifuate taratibu. Mimi sijasoma sana lakini najua mambo ya nyumbani. Katika maisha yangu sijasikia baba aliyehesabu wanawe jioni, akaona unga hautoshi, akampumzisha wa tatu. Baba hukopa. Baba hugawa kilichopo. Baba mwingine hutoroka, tunao wa namna hiyo. Lakini mtoto hapunguzwi. Kwa hiyo mambo ni mawili tu. Ama Mama Mizani hakuwa mwanao, na tangazo la kwanza lilikuwa uongo, jambo ambalo siwezi kumdhania mzazi wangu. Ama alikuwa mwanao, na kwa sababu hiyo ameondoka kwa njia pekee ambayo mtoto huondoka kwenye familia, yaani amekufa. Tangazo la pili limesema hivyo, lina mhuri, na Kaka Meneja hana mamlaka ya kumfufua mtu kwa tangazo la tatu lisilo na mhuri.

Tunadai basi haki za wafiwa. Kwanza, tuonyeshwe maiti. Pili, uje mwenyewe ukae mkekani na sisi, na kiti kinachozunguka ukiache hukohuko. Tatu, duka lifungwe siku tatu za maombolezo, na usihofu hasara, hakuna atakayetambua. Wasifu wa marehemu utausoma wewe. Najua hujui hata neno moja la kusema juu yake, kwa hiyo nitakuandikia. Unaweza kuanza na watoto waliopimwa kwa kitufe cha viazi.

7. Na kama huna maiti, mrudishe akiwa hai.

Hili ndilo ombi letu kubwa, mengine yote ni njia ya kulifikia. Mrudishe Mama Mizani kwenye mizani yake. Na tangazo libandikwe mlango uleule, kwa herufi zilezile: FAMILIA INAFURAHI KUWAARIFU KWAMBA MAMA YETU HAKUWA AMEKUFA NA TUNAOMBA RADHI. Mpaka mweusi tutauvumilia.

8. Kuhusu mgonjwa mwingine.

Nilimwahidi Mama Mizani kuifuta mizani. Siku ya kwanza niliifuta. Siku ya pili niliifuta. Asubuhi moja nikafika na kitambaa changu nikakuta meza tupu, na kwenye vumbi alama nne safi za miguu yake. Kaka Meneja akasema imepelekwa matengenezo. Mlinzi, ambaye siku hizi hasemi uongo hata ukimlipa, akaniambia imeondoka kwenye mkokoteni wa mnunua chuma chakavu, pamoja na troli zenye magurudumu mabovu na herufi mbili za jina la duka zilizoanguka kule juu.

Taa zinawashwa moja, inarukwa moja. Friji limezimwa. Mlinzi ameagizwa alinde akiwa ndani, wateja wasije wakamhurumia. Sisi si watoto wadogo, tunaona. Mzee wa nyumba anaumwa, na kila tukiuliza tunabandikiwa tangazo lenye tabasamu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kama duka linakufa, tuite tukae kitandani pake, tuambie kwa mdomo wako, kwa neno la kawaida. Watu wakijua hujipanga. Kuna mtu ana ada ya shule, kuna mtu ana mjukuu. Na ikiwa huwezi hata hilo, basi tugawie urithi ungali hai, maana tukingoja ufe tutakuta umevuta kila kitu mbele na nyuma hakuna kitu. Mlinzi ameomba mlango. Dada wa keshi anaomba kiti chake, ambacho amekikalia mpaka kimechukua umbo lake. Mimi nitachukua rafu. Mizani tulitaka apewe marehemu, lakini wewe umeshaiuza.

Nisiendelee, usije ukasema mwanao ana mdomo. Nisalimie Mama wa nyumbani kwako, ambaye naye sasa ni mama yetu bila kujua, na umwambie pole. Wasalimie wanao uliowazaa kwa njia ya kawaida, sisi hatuna kinyongo nao, tunataka tu kujua kama wao nao wanakunywa chai. Msalimie bibi wa utumishi, wasalimie wataalamu wa maneno, msalimie dereva wako ambaye wanasema ni mtu mzuri. Dada wa keshi anakusalimu. Mlinzi anakusalimu. Mzee wa kusoma bei anakusalimu na anauliza kama siki itashuka.

Nimalizie hapo, nikiwa na heshima kiasi kilichobaki,

Mwanao wa rafu ya sabuni (kwa sasa siki).

Tanbihi.

Ndugu Mkurugenzi,

Neno "Baba" naomba ulifute huko juu kote ulikolikuta, mimi wino wa kufutia umeniishia. Barua hii ililala kwenye trei ya Kaka Meneja karibu mwezi mzima bila kufunguliwa, wala bila kupitishwa, kwa hiyo nimeichukua niongeze machache.

Mama Mizani amefungua kibanda ng'ambo ya barabara, kinatazamana na mlango wetu. Ana mchele, ana maharagwe, ana viazi vya kweli, ana sabuni, ambayo mimi mpanga rafu ya sabuni nimekwenda kuinunua kwake ili tupigie deki duka lako. Mizani ni ileile. Aliikuta kwa mnunua chuma chakavu, ambaye alikuwa anapasulia kuni juu yake. Aliifuta, akaichomeka kwenye umeme, ikawaka. Stika zake bado zina jina la kampuni na zinamshukuru kila mtu kwa kuwa sehemu ya familia, kwa hiyo ukienda kwa maandishi, lile ndilo tawi lako pekee lenye foleni. Watoto wanapimwa asubuhi, kwa kitufe kilekile. Muuza siki naye alisimamisha lori kwake akaulizia biashara. Alijibiwa kwamba siki anayo ya kutosha, ya msibani.

Kwa sababu hiyo naomba malalamiko ya kwanza mpaka ya nane uyahesabu kama hayakuandikwa. Tafadhali sana usimrudishe. Marehemu anaendelea vizuri.

Ila anahitaji mtu wa kumpangia bidhaa, na ameniita. Nilimwuliza kama na sisi tutakuwa familia. Alinitazama kama alivyomtazama mlinzi siku ile, akasema ndugu anao wa kumtosha, anachotaka ni mfanyakazi. Mfanyakazi kwake hulipwa Jumamosi, akikosea huambiwa amekosea, na saa nne hunywa chai.

Ninaomba basi, kwa heshima zote, nipumzishwe. Kuanzia kesho asubuhi ikiwezekana, kabla ya saa nne. Tangazo nimeshaliandika mwenyewe kuwaokolea wino, linangoja mhuri tu. Mlinzi ananiomba niulize kama karatasi moja inaweza kutupumzisha wawili. Mwavuli ameshaurudisha, na mfuko wake.